Jicho likiwasha, mkono hauombi ruhusa

Mvuvi wa dagaa hupenda giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa zake hazina kazi, kwa hiyo mitumbwi hutoka kwa wingi zile siku ambazo anga ni jeusi, na asubuhi yake ukishuka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, unakuta watu waliokesha, macho mekundu, kila mmoja anafikicha. Wadudu wa ziwani nao mara nyingi huchagua siku za mwezi mwandamo. Wanapanda kutoka majini kwa mamilioni, ukiwa mbali unadhani kuna chombo kinaungua katikati ya ziwa. Upepo ukigeuka wanatua mjini: kwenye taa, kwenye chai, na kwenye macho ya dereva wa bodaboda aliyeacha kofia nyumbani.

Ndivyo ubishi ulivyoanza kwenye kijiwe kimoja cha bodaboda upande wa Capri Point. Kijana alikuwa anasugua jicho kwa kifundo cha kidole mpaka unamwonea huruma. Mwenzake akamwambia aache, amesoma kwenye simu kwamba kufikicha macho kunapofusha. Mzee muuza kahawa akacheka. "Wajukuu zangu, mimi nimefikicha miaka hamsini, na kisiwa cha Saanane kile pale nakiona."

Kijiwe kikagawanyika. Nami nikaondoka na swali, kwa sababu wote wawili walikuwa wameshika ukweli, ila kila mmoja alishika ncha yake.

Tuanze na neno lenyewe. Kufikicha si kugusa, wala si kupangusa chozi. Mtama hufikichwa ili punje itoke kwenye masuke. Kola ya shati la shule hufikichwa ili uchafu utoke. Ni kubana kitu na kukisugua kwa nguvu. Kwenye jicho kinachobanwa ni kope, na nyuma ya kope kuna vitu viwili vya kukumbuka. Cha kwanza ni utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho kisha ukajikunja na kutanda upande wa ndani wa kope. Cha pili ni konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni, ambacho mwanga wote unaouona hupitia. Konea ina unene wa takribani nusu milimita katikati, kama karatasi tano za daftari zikiwekwa pamoja. Tunachokisugua kwa kifundo cha kidole ni hicho.

Kwa nini basi tunafanya hivyo, tena bila kufikiri? Mtoto mchanga anayesinzia hufikicha kabla hajajua kusema, kwa hiyo hatukufundishwa na mtu.

Sababu nyepesi ni ukavu. Juu ya konea kuna tabaka jembamba la machozi, na juu ya machozi kuna mafuta yanayotoka kwenye vitezi vidogo vilivyopangwa kando ya kope. Ni kama mafuta yanayoelea juu ya supu ya sangara: yakiwepo, maji ya chini hayakauki haraka. Kila tunapopepesa macho tunalitandaza tabaka hilo upya, kwa kawaida kama mara 15 kwa dakika. Mtu aliyechoka, aliyekodolea simu au taa ya karabai usiku kucha, hupepesa mara chache zaidi, na jicho linakauka. Kufikicha hukamua vile vitezi na kuamsha machozi, ndiyo maana unapata nafuu papo hapo. Nafuu hiyo ni ya kweli.

Sababu ya pili imekaa kimaajabu kidogo. Ukibonyeza jicho, taarifa hupita kwenye neva ya trijemina, ile inayobeba hisia za uso, hadi kwenye ubongo, na ubongo huijibu kupitia neva nyingine inayoshuka mpaka kwenye moyo na kuupunguza mwendo. Bernhard Aschner na Giuseppe Dagnini waliielezea njia hiyo mwaka 1908, na mpaka leo madaktari wanaowafanyia watoto upasuaji wa makengeza hukaa macho kwenye mapigo ya moyo kwa sababu hiyo hiyo. Huenda sehemu ya ule utulivu tunaousikia tukifikicha jioni baada ya kazi inatokana na hapo. Lakini mtu asije akafanya mchezo wa kubonyeza macho ya mwenzake aone moyo ukipungua. Si mchezo.

Na zile nyota? Ukibana macho ukaona vimulimuli na mistari ya rangi, hujaona mzimu wala damu haijapanda kichwani. Pazia la nyuma ya jicho, lile linalopokea mwanga, linajua lugha moja tu. Ukiligusa kwa mwanga, linasema mwanga. Ukilisukuma kwa kidole, linasema mwanga vilevile.

Mpaka hapa mzee wa kahawa anaongoza. Kufikicha mara moja moja, taratibu, kwa mkono safi, jicho zima lisilo na ugonjwa halitapofuka. Anayesambaza ujumbe wa kutisha kwamba kila anayefikicha anakwenda kuwa kipofu anawatia watu hofu ya bure.

Shida ipo kwenye sababu ya tatu.

Mwasho

Jicho lenye mzio ni hadithi nyingine. Ndani ya ule utando wa kope kuna seli za ulinzi zilizojaa vifuko vidogo vya kemikali iitwayo histamini. Vumbi, chavua ya maua, manyoya ya paka au vipande vya wadudu vikitua pale, kwa mwenye mzio, vifuko hupasuka na histamini humwagika. Histamini ndiyo inayoleta mwasho, wekundu na uvimbe. Sasa mkono unakuja kufikicha, na kufikicha kwenyewe hupasua vifuko vilivyobaki. Ni sawa na mtu anayefukuza siafu kwa kuchokoa shimo lao na fimbo. Kwa nukta chache anaona amefanya kazi kubwa, kisha wanatoka wote.

Ndiyo maana mwenye mzio hawezi kufikicha akaridhika. Anafikicha ili mwasho uishe, na mwasho unaongezeka kwa sababu amefikicha.

Huku kwetu vichokozi havikosekani. Kuna vumbi la barabara za vilimani, moshi wa kuni na mkaa, moshi wa majiko ya kubanikia samaki. Moshi na vumbi humsumbua hata asiye na mzio, kwa kukwaruza na kukausha tu. Lakini wadudu wa ziwani ni kesi ya kuangaliwa kivyake, maana baadhi yao ni ukoo mmoja na wale wa Sudani, kando ya Mto Nile, ambao wamejulikana kwa miaka mingi kuwaletea watu pumu na mzio. Mabaki yao makavu yanageuka unga, na unga huo unapeperuka. Mama anayefagia rundo lao barazani asubuhi, kisha akashinda anafikicha mchana kutwa, hana haja ya kutafuta mchawi. Anyunyize maji kwanza ndipo afagie.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Kuna aina ya mzio wa macho inayopenda nchi za joto na vumbi, inayowashika wavulana kuliko wasichana, inayoanza mara nyingi kabla ya miaka kumi na kwa wengi kuisha wakishabalehe. Weupe wa jicho hugeuka rangi ya kahawia kama maji ya udongo, kope huwa nzito, na utelezi mweupe unaovutika kama uzi hutoka. Mtoto haangalii jua. Anafikicha darasani, anafikicha kanisani au msikitini, anafikicha usingizini. Anaambiwa ana macho machafu, na akikua kidogo anaulizwa kama anavuta bangi. Mzazi anamchapa mkono kila unapopanda usoni. Nalisema hili wazi: kumchapa mtoto huyo ni kazi bure. Jicho linamwasha kuliko kibao chako kinavyouma. Tibu mwasho, na mkono utashuka wenyewe.

Kola ya shati

Kwa nini tusimwache tu afikiche? Rudi kwenye ile kola. Shati la shule halichaniki mgongoni kwanza; linalegea na kuchakaa kwenye kola, kwa sababu ndipo linapofikichwa kila wiki. Konea nayo imefumwa kwa nyuzi, nyembamba ajabu, zilizolala tabaka juu ya tabaka. Ikisuguliwa kila siku kwa miaka, kwa baadhi ya watu nyuzi hulegea, konea inakonda katikati na kusukumwa mbele, na badala ya kuwa duara kama mgongo wa kijiko inakuwa na ncha kama koni. Madaktari huiita keratokonasi, au konea koni kwa lugha nyepesi.

Mwanga ukipita kwenye koni haukutani mahali pamoja. Mtu anaona herufi zina kivuli, taa ya daladala usiku imeota miiba, mwezi mmoja umekuwa miwili. Anabadilisha miwani, baada ya miezi anabadilisha tena, na bado ubaoni haoni vizuri. Huanza mara nyingi umri wa kubalehe, huendelea mpaka miaka ya thelathini au zaidi, na mara nyingi jicho moja hutangulia. Kwa kuwa jicho zima linambeba mwenzake, mwenyewe hajui. Kwa hiyo ukitaka kujipima nyumbani, funika jicho moja kwa kiganja bila kulibana, tazama kitu cha mbali, kisha badilisha.

Je, kufikicha ndiko kunakoleta konea koni, au ni kurithi? Hapa wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Damien Gatinel, daktari wa macho wa Paris, amekuwa akishikilia kwamba bila kufikicha ugonjwa huo haupo kabisa. Wengine wanasema lazima kuwe na udhaifu wa kuzaliwa nao, kisha mkono unamalizia. Kwa mtu wa kawaida ubishi huo haubadilishi kitu, kwa sababu pande zote mbili zinakuambia uache. Kuna tiba ya kuizuia isiendelee: matone ya vitamini B2 kwenye konea kisha mwanga wa urujuanimno, ili nyuzi zishikane upya. Ilibuniwa Dresden, Ujerumani, miaka ya 1990. Inazuia isizidi, hairudishi kola iliyokwisha kulegea. Waliofika mbali huhitaji lenzi ngumu za kuvaa, na wachache hupandikizwa konea ya mtu aliyefariki.

Wapo wengine ambao hata kufikicha kidogo hawaruhusiwi. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho juzi. Mwenye presha ya macho, maana ukifikicha kwa nguvu shinikizo la ndani ya jicho hupanda ghafla, linaweza kupita mara mbili ya kawaida, kabla ya kushuka ukiacha. Na mwenye miwani mizito kwa sababu haoni vitu vya mbali, ambaye pazia lake la nyuma tayari limevutika.

Mkono umetoka wapi?

Tumezungumza juu ya nguvu na wingi. Bado mkono wenyewe. Mkono unaofikicha umeshika noti, usukani, ngazi ya pantoni, samaki. Januari 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam hadi Wizara ya Afya ikatoa tahadhari, swali kubwa lililosikika lilikuwa kama mtu anaambukizwa kwa kutazamana na mgonjwa. Hapana. Kirusi hakirukii kwenye macho kwa kutazamana. Mgonjwa anafikicha, anakupa mkono au anashika mlango, wewe unashika palepale, kisha unafikicha la kwako. Miwani ya jua aliyoivaa mgonjwa haimzuii kuambukiza. Inamkinga tu na mwanga unaomuumiza, na sisi inatukinga tusimwone.

Wakubwa wetu wengine waliuita ugonjwa wa namna hiyo "Apollo". Si kwamba wanaanga waliuleta kutoka mwezini. Mlipuko wa macho mekundu yenye damu ulionekana Accra, Ghana, mwaka 1969, mwaka uleule Apollo 11 ilipotua, na watu wakauunganisha. Jina likasafiri kwa kasi kama kirusi chenyewe.

Vikope, yaani trakoma, navyo hupita njia hiyo ya vidole, nzi na khanga moja inayofuta nyuso za watoto watano. Mtu akiugua mara kwa mara kwa miaka, ngozi ya ndani ya kope inapata makovu, kope inajikunja ndani na nywele zake zinakwaruza konea kila anapopepesa. Huyo anafikicha kwa sababu kweli kuna kitu kinamchoma, na kila akifikicha anazisukuma zile nywele zaidi. Anahitaji upasuaji mdogo wa kope, si nasaha.

Na pilipili. Hapo sina la kufafanua. Mama ntilie anajua.

Kitu kikiingia

Turudi kwa kijana wa bodaboda, maana yeye mwasho haukuwa wa mzio. Mdudu alikuwa ndani. Hapa ndipo kufikicha mara moja tu kunaweza kuleta jeraha. Mdudu ni laini, lakini punje ya mchanga, gamba la samaki linaloruka kwa wapara samaki, au cheche ya chuma kwa mchomeleaji, ukilibana chini ya kope na kulisugua unapiga msasa kwenye konea. Mchubuko huo unauma kupita kiasi, na wadudu wa maradhi wakiingia unageuka kidonda, kisha kovu jeupe ambalo halipitishi mwanga.

Watu hufikicha kwa hofu kwamba kitu kitazama na kupotelea nyuma ya jicho. Hakiwezi. Kumbuka ule utando unaojikunja: umeziba njia pande zote, kama mfuko wa suruali. Kitu kinaweza kujificha juu chini ya kope, lakini hakina pa kupitia kwenda nyuma. Kwa hiyo tulia. Pepesa macho, acha machozi yatiririke. Vuta kope ya juu iifunike ya chini ili nywele za chini zifagie. Mwaga maji safi ya bomba au ya chupa, si ya ziwa. Kikiwa kimeganda kwenye kile kioo chenyewe, usikichokonoe na kijiti wala ncha ya khanga. Nenda hospitali. Ikiwa ni chokaa au maji ya betri, sheria ni nyingine kabisa: maji mengi, palepale, bila kungoja gari, nusu saa nzima, ndipo uondoke.

Kwa mwasho wa kila siku, kitambaa safi kilicholowa maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa hufanya kazi ambayo mkono ulikuwa unaitafuta. Osha uso ukirudi kutoka vumbini. Mpanda bodaboda avae kofia yenye kioo na akishushe. Yapo matone ya machozi bandia kwa macho makavu, na yapo ya kuzuia histamini kwa mzio. Muulize mtaalamu lipi lako.

Nasisitiza hilo la kuuliza kwa sababu ya kichupa kimoja ninachokiogopa kuliko kufikicha kwenyewe. Unaingia duka la dawa, unasema macho yanawasha, unapewa matone yenye deksamethasoni. Siku ya pili macho ni meupe kama maziwa. Unafurahi, unamshauri jirani, mwezi ujao unarudi kununua mwenyewe. Dawa hiyo ni ya familia ya steroidi, nzuri sana mkononi mwa daktari anayeipima muda. Ikitumika miezi na miezi bila uangalizi, inapandisha presha ya macho kimyakimya na kuleta mtoto wa jicho, hata kwa mwanafunzi wa darasa la nne. Maziwa ya mama, majani ya chai, sukari na mkojo navyo naviacha hapo. Jicho halivihitaji, na vingine hubeba vijidudu.

Jicho likiuma kweli, likichukia mwanga, likiona ukungu au likiwa na doa jeupe kwenye kioo, hiyo si habari ya kitambaa tena. Mwanza haina uhaba wa pa kuanzia: vituo vya afya, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, na Bugando kwa yanayohitaji rufaa.

Wiki mbili baadaye nilipita kile kijiwe. Kijana hakuwepo. Mzee alikuwepo na birika lake, na baada ya shikamoo na kikombe cha pili nilimwomba afanye ule mchezo wa kiganja: afunike jicho la kushoto, aniambie kama Saanane ipo. Ipo, akasema, na miti naiona. Nikamwambia abadilishe.

Alikaa kimya muda kidogo, kiganja kikiwa juu ya jicho la kulia.

"Ipo," akasema. "Ila kama imefukiwa na moshi."

Kwa umri wake, na kwa ule weupe niliouona ndani ya mboni, dau langu ni mtoto wa jicho, jambo ambalo halina uhusiano na miaka hamsini ya kufikicha. Lakini mimi si daktari. Aliniuliza kliniki ya macho inafunguliwa saa ngapi, akaanza kuosha vikombe.